Je, Wajua? Safari ya Picha ya HD Kutoka Afungi Hadi Sebuleni Kwako

Je, wajua kwamba picha kamili ya HD ina nukta 2,073,600, na kwamba idadi hiyo ni mara tano barabara ya nukta za picha ya zamani ya televisheni? Picha ya zamani, ile ya mfumo wa PAL uliotumika Tanzania, Kenya na Msumbiji, ikihesabiwa kidijitali ina nukta 720 kwa mistari 576, yaani 414,720. Zidisha mara tano uone.

Je, wajua Afungi iko wapi? Ni rasi katika wilaya ya Palma, kaskazini kabisa mwa mkoa wa Cabo Delgado, Msumbiji. Ukivuka mto Ruvuma kwenda kaskazini unaingia Mtwara. Watu wa pwani hii huzungumza Kimwani, Kimakonde na Kiswahili, na ghuba ya Tungi iliyo jirani ilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar mpaka Wareno walipoiteka mwaka 1887. Kwa msomaji wa Kiswahili, habari ya Afungi ni habari ya jirani wa karibu.

Je, wajua kwa nini kamera za dunia zinaitazama rasi hiyo? Mwaka 2010 iligunduliwa gesi nyingi chini ya bahari mbele yake. Juni 2019 uamuzi wa kujenga kiwanda cha kusindika gesi kuwa kimiminika ulipitishwa, kiwanda cha kutoa takriban tani milioni 13 kwa mwaka, na baadaye mwaka huohuo kampuni ya Ufaransa ya Total, sasa TotalEnergies, ikachukua usukani. Tarehe 24 Machi 2021 mji wa Palma ulishambuliwa. Mwezi uliofuata kampuni ikasimamisha mradi kwa sababu ya usalama, na amri hiyo haikuondolewa mpaka Novemba 2025.

Sasa kazi inarudi, na kamera zinarudi nayo. Hapo ndipo swali la safu ya leo linapoanzia: vituo vyetu, kuanzia Maputo na Pemba ya Cabo Delgado mpaka Dar es Salaam, Zanzibar na Nairobi, vina mitambo ya kuipiga Afungi picha bora, kuisafirisha bila kuiharibu, na kuitunza?

Je, wajua kwamba televisheni yenyewe Msumbiji ni changa? Ilianza kama kituo cha majaribio mwaka 1981, miaka sita baada ya uhuru, na ndicho kilichokuja kuwa TVM. Tanzania Bara ilichelewa zaidi. Watazamaji wake walipata kituo cha kwanza mwaka 1994. Zanzibar ilikwisha kuwatangulia wote kwa televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Je, wajua kwamba utafiti wa HD ni wa zamani kuliko vituo hivyo vyote? Shirika la NHK la Japani lilianza kuufanya baada ya Olimpiki ya Tokyo ya 1964. Kombe la Dunia la 2006, Ujerumani, ndilo la kwanza kutengenezwa lote kwa HD, na Olimpiki ya Beijing ya 2008 ikafuata.

Je, wajua kwamba "HD" ni jina la ukoo, na ndani yake wamo ndugu wasiofanana? Umoja wa Watangazaji wa Ulaya, EBU, unaorodhesha mifumo minne ya kutengenezea vipindi: 720p kwa fremu 50 kwa sekunde, 1080i kwa fremu 25, 1080p kwa fremu 25, na 1080p kwa fremu 50. Yote minne inauzwa kwa lebo ileile iliyobandikwa ubavuni mwa kamera. Ukiambiwa tu kwamba kifaa ni cha HD, bado hujaambiwa kitu.

Je, wajua kazi ya ile herufi ndogo? "i" maana yake fremu imekatwa nusu mbili zinazopishana: kwanza mistari 540 ya namba witiri, halafu mistari 540 ya namba shufwa, nusu 50 kila sekunde. Kitu kikitulia, nusu hizo zinakutana vizuri. Kikisogea, nusu ya pili inakikuta mahali pengine, na ukisimamisha picha kingo zake zinaonekana kama meno ya kitana. "p" maana yake mistari yote 1,080 inachukuliwa kwa mara moja. Kwa hiyo 1080p kwa fremu 50, ambayo mafundi huiita 1080p50, inakupa mistari yote na mwendo wote pamoja. Kwa mashua inayopigwa na mawimbi, kwa mvuvi anayevuta wavu, kwa mpira wa miguu, hii ndiyo HD ya kweli, na safu hii haioni sababu ya kituo kununua mtambo mpya leo usioweza kuibeba.

Je, wajua kwamba mtambo ulionunuliwa miaka kumi na mitano iliyopita kwa jina la HD unaweza kuikataa kabisa 1080p50? Sababu iko kwenye kebo. Ishara ya SD, yaani ile picha ya zamani, husafiri studioni kwa kasi ya megabiti 270 kwa sekunde. HD ya 720p50 au 1080i hutaka gigabiti 1.485. 1080p50 inataka gigabiti 2.97, mara 11 kamili ya ile ya SD. Kiwango hicho cha mwisho huitwa 3G-SDI, na 3G hii haina undugu wowote na 3G ya simu yako.

Maana yake ni kubwa kwa anayeshika bajeti. Kamera ya 3G ikiunganishwa na swicha ya zamani, yaani ule mtambo wa kuchagulia na kuchanganyia picha, swicha haisomi kitu. Hivyohivyo kwa ruta ya video, vigawanyi vya ishara, paneli za kuunganishia, kinasa na monita. Kimoja tu kikiwa cha gigabiti 1.485, fundi ana njia mbili: aishushe kazi yote mpaka 1080i, au akae na skrini nyeusi. Kituo kinakuwa kimelipia kamera za daraja la juu na kinatoa picha ya daraja la chini yake, na mtazamaji hatajua kwa nini.

Je, wajua kwamba hata vifaa viwili vyenye lebo ya 3G vinaweza kukataana? Kiwango hicho kina ngazi A na ngazi B, njia mbili tofauti za kuipanga 1080p50 ndani ya kebo moja. Kamera ikitoa ngazi B na monita ikielewa ngazi A peke yake, hakuna picha. Vifaa vingi vya kisasa vinabadili kwa kugusa menyu, lakini si vyote. Swali hili huulizwa mara chache dukani, na ndilo linalokesha na mafundi siku moja kabla ya matangazo mubashara. Liulize kabla ya kulipa.

Je, wajua kwamba kadiri picha inavyokuwa bora ndivyo kebo inavyofupika? Kebo nzuri ya kawaida ya studio hubeba ishara ya SD karibu mita 300. HD hubebwa kama mita 100. 3G huanza kuyumba kwenye mita 70 au 80. Na haiyumbi kwa adabu. Ishara ya analojia ilichakaa polepole, ukaona chengachenga ukapata muda wa kuhangaika. Ya kidijitali huwa safi mpaka hatua ya mwisho, kisha inakatika ghafla. Fundi mzoefu huongeza mita kadhaa za kebo wakati wa majaribio; picha ikibaki imara, basi siku ya kazi kuna akiba. Kwa umbali mrefu zaidi, kama kutoka uwanjani mpaka kwenye gari la matangazo ya nje, dawa ni nyuzi za kioo.

Angalia pia vile vichwa vidogo vya kuunganishia kebo, BNC. Viko vya omu 50 kwa kazi za redio na vya omu 75 kwa video, na kwa macho vinafanana sana. SD ilivumilia kosa hilo. 3G haivumilii.

Je, wajua kwamba adui wa kwanza wa HD kwenye pwani kama ya Afungi ni hewa yenyewe? Chukua kamera iliyolala kwenye chumba chenye kiyoyozi, itoe nje saa mbili asubuhi kwenye joto na unyevu wa bahari, na lenzi inafunikwa ukungu papo hapo. Kamera za mikanda zilikuwa na taa ya onyo la umande na zilijizima zenyewe ili mkanda usigande kwenye kichwa cha kusomea. Za kadi hazijizimi. Zinaendelea kurekodi ukungu, na kwenye kioo kidogo cha kamera picha inaonekana laini tu. Wapiga picha wa pwani wana kanuni rahisi: begi linatoka nje likiwa limefungwa, linakaa mpaka lipate joto la nje, ndipo linafunguliwa.

Je, wajua kwamba ndani ya lenzi huota kuvu? Unyevu ukikaa juu ya asilimia 60 au 70 kwa muda mrefu, nyuzi za kuvu husambaa kwenye kioo na kula rangi yake ya kinga. Kwenye SD lenzi yenye kuvu kidogo ilipita. Kwenye HD mwanga unatawanyika na weusi wa picha unageuka kijivu. Kabati kavu lenye unyevu wa asilimia 40 hadi 50 linagharimu sehemu ndogo sana ya bei ya lenzi moja, na hata sanduku linalofunga vizuri lenye vifuko vya silika ni afadhali kuliko rafu ya wazi. Chumvi nayo: kifaa kilichoshinda ufukweni kinafutwa jioni ileile kwa kitambaa chenye unyevu kidogo wa maji baridi, kisha kikavu. Asubuhi huwa umechelewa, chumvi imeshaingia kwenye vifungo.

Je, wajua kwamba lenzi ya SD inaingia vizuri kwenye kamera ya HD? Inaingia, inafunga, inazunguka, na hapo ndipo pa hatari, kwa sababu meneja akiona imekaa anaamini kazi imekwisha. Lenzi ile ilitengenezwa kwa nukta kubwa. Kwenye kitambuzi cha HD cha inchi 2/3 kila nukta ina upana wa mikroni 5 hivi, na lenzi ya zamani haina uwezo wa kuzitenganisha. Kingo za weupe na weusi zinapata michirizi ya zambarau na kijani. Kamera ya bei ya kati yenye lenzi ya HD iliyo nzuri itaishinda kamera ya bei kubwa yenye lenzi ya jana.

Je, wajua kwamba jua la saa sita linaweza kufifisha picha ya HD bila kuizidishia mwanga? Mpiga picha akiona mwanga ni mkali hufunga tundu la lenzi mpaka f/16. Mwanga ukipita kwenye tundu dogo mno hutawanyika, na nukta zinaanza kumwagikiana. Kwa kitambuzi cha inchi 2/3 ni busara kutovuka f/8 au f/11. Kwa kamera ndogo za mkononi zenye kitambuzi cha inchi 1/3, tatizo huanza mapema zaidi, karibu na f/5.6. Ufumbuzi umo ndani ya kamera tayari: zungusha kichujio cha kupunguza mwanga, uache tundu lipumue.

Je, wajua kwamba kanuni nyingi za kupimia mwanga wa uso ziliandikwa kwa ngozi nyeupe? Ile mistari ya pundamilia inayotokea kwenye kioo cha kamera huwekwa asilimia 70, na mwongozo husema paji la uso liiguse. Fanya hivyo kwa uso wa Mmakonde au Mmwani juani, na mchanga nyuma yake unageuka karatasi tupu, uso nao umepaushwa. Uso mweusi una uzuri wake chini ya hapo. HD inabeba tofauti ndogondogo za rangi ya ngozi kuliko SD, lakini mpiga picha asiyeamini macho yake atazifuta mwenyewe.

Rangi zina mtego mwingine. SD na HD hazitumii hesabu moja ya rangi: SD hufuata kanuni ya BT.601, HD hufuata BT.709. Picha ya zamani ikipandishwa kuingia kipindi cha HD bila kubadilishiwa hesabu, nyekundu na kijani zinahama kidogo. Watu wanasema "kamera ile ilikuwa na rangi mbaya". Kamera haikuwa na kosa.

Je, wajua kwamba 1080p50 ina njaa ya mwanga? Kwenye 1080i kamera huunganisha mistari miwili miwili na kupata mwanga maradufu. Kwenye p kila mstari unasimama peke yake, hivyo picha hupoteza karibu hatua moja ya mwanga. Viwanja vyenye taa hafifu na kumbi za mikutano zenye taa mbili za dari huumbuka hapo. Ukinunua kamera, fikiria na taa.

Je, wajua kwamba umeme wetu unachora mistari kwenye picha? Afrika Mashariki na Msumbiji hutumia umeme wa hezi 50, na taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Kamera ya mitumba iliyotoka Marekani, iliyofungwa kwenye fremu 59.94, inagongana na mpepeso huo na kutoa mikanda ya mwanga inayopanda na kushuka. Kabla ya kununua cha mtumba hakikisha kinabadilika kwenda 50, na shata ikae 1/50 au 1/100.

Je, wajua kwamba rekodi mbili za HD zenye ukubwa uleule wa picha zinaweza kuachana mbali kwa ubora? HDV, iliyokuja mwaka 2003 na kupendwa na vituo vidogo, ilirekodi megabiti 25 kwa sekunde, ikabana upana wa picha mpaka nukta 1,440 na kubakiza robo tu ya taarifa za rangi. EBU hutaka rekodi ya kawaida ya HD iwe na megabiti 50 kwa sekunde, rangi nusu badala ya robo, kwa mfumo unaobana fremu kwa makundi. Ukibana kila fremu peke yake, megabiti 100. Tofauti huiona mhariri anapokata mandhari ya kijani nyuma ya mtangazaji, au anapoirekebisha rangi ya bahari.

Na hesabu ya kadi ni hii: megabiti 50 ni gigabaiti 22.5 kwa saa kwa picha peke yake. Ukiongeza sauti na vikorombwezo vya faili, kadi ya gigabaiti 64 inatosha takriban saa mbili.

Je, wajua kwamba kila mtambo wa kuchakata picha huichelewesha? Kwenye fremu 25 kwa sekunde, fremu moja ni milisekunde 40. Kibadilishi kimoja fremu moja, swicha fremu nyingine, monita nyingine, na sauti imekwisha kufika zamani. Jicho la kawaida hugundua sauti ikitangulia picha kwa milisekunde 45, ila huvumilia mpaka 125 ikichelewa. Ndiyo maana studio iliyohamia HD inahitaji kicheleweshi cha sauti hata kama maikrofoni zake ni zilezile.

Je, wajua kwamba kuhamia dijitali si kuhamia HD? Dar es Salaam ilizima mitambo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, mbele ya majiji mengi ya Afrika, na tarehe ya mwisho ya kimataifa iliyokubaliwa Geneva mwaka 2006 ilikuwa 17 Juni 2015. Nchi za SADC, zikiwemo Tanzania na Msumbiji, zilichagua mwaka 2010 mfumo wa DVB-T2. Mfumo huo unaweza kubeba karibu megabiti 40 kwa sekunde kwenye masafa ya chaneli moja ya zamani. Chaneli ya HD kwa mbano wa H.264 hutaka megabiti 8 hadi 10. Ya SD hutosheka na 2. Mwenye mnara anachagua: HD nne, au SD ishirini. Wengi wamechagua ishirini. Ndiyo sababu king'amuzi chako kimeandikwa HD na taarifa ya habari inaonekana kama ilivyokuwa.

Mbano mpya wa HEVC, uliokamilishwa mwaka 2013, hupunguza mahitaji hayo karibu nusu, lakini ving'amuzi vya zamani majumbani haviuelewi. Hapa lawama isiwekwe kwa kituo peke yake.

Je, wajua kwamba unaweza kutuma HD mubashara kutoka mahali pasipo na gari la setilaiti? Kifurushi cha kubeba mgongoni huunganisha laini kadhaa za simu kwa pamoja na kugawanya picha katikati yao. Kwa HEVC, megabiti 6 hadi 10 za kupandisha zinatosha kwa habari. Tatizo la Palma ni kwamba minara ikinyamaza, laini zote hunyamaza pamoja. Machi 2021 mawasiliano ya simu yalikatika shambulio likiendelea, na dunia ikakaa siku kadhaa ikiokoteza picha chache. Starlink ilianza kutoa huduma Msumbiji mwaka 2023, na dishi lake dogo linaweza kulishwa na betri. Kwa kituo kinachotaka kuripoti ukanda huu, njia mbili zisizotegemeana za kutuma picha ni za lazima kama kamera yenyewe.

Je, wajua kwamba Palma ilikuwa na mwanahabari wake kabla ya kamera za nje kufika? Ibraimo Mbaruco wa redio ya jamii ya Palma alitoweka tarehe 7 Aprili 2020, baada ya kumtumia ujumbe mwenzake kwamba amezungukwa na askari. Mashirika ya kutetea wanahabari yamedai majibu tangu siku hiyo. Hatuwezi kuandika juu ya vifaa vya kupigia picha Afungi tukaruka jina lake. Usalama wa anayeshika kifaa unatangulia ubora wa kifaa.

Je, wajua kwamba kiwandani penye gesi kamera ya kawaida inaweza kuwa hatari? Betri, swichi na taa zake zinaweza kutoa cheche. Kwenye maeneo ya mitambo ya gesi inayofanya kazi huruhusiwa vifaa vilivyothibitishwa kutotoa cheche, au kibali maalumu baada ya hewa kupimwa. Mtayarishaji anayepanga kipindi aombe kibali mapema, na droni aiache begini mpaka mamlaka zimruhusu kwa maandishi. Afungi ina uwanja wake wa ndege na ulinzi wa kijeshi.

Je, wajua kwamba picha mbaya haiponi? Hapa tukae kidogo. Kwa ajili ya mradi wa gesi familia za vijiji vya rasini zilianza kuhamishiwa kijiji kipya cha Quitunda mwaka 2019. Eneo lililotengewa mradi ni takriban hekta 7,000: mashamba, minazi, makaburi, njia za kwenda pwani. Sehemu zake hazitarudi zilivyokuwa. Aliyezipiga picha kwa SD alibakiza nukta 414,720. Programu ya kukuza itaipandisha picha hiyo mpaka nukta milioni mbili, lakini nne kati ya kila nukta tano zitakuwa zimebuniwa na kompyuta. Huwezi kumkuza bibi aliyesimama mlangoni mwa nyumba yake ya zamani ukasoma uso wake kama uso wake haukurekodiwa.

Aliyerekodi kwenye mkanda ana saa nyingine inayomkimbiza. Sony iliacha kuuza mikanda ya Betacam Machi 2016. Mwaka 2019 UNESCO na jumuiya ya kimataifa ya watunza kumbukumbu za sauti na picha, IASA, zilionya kwamba ifikapo 2025 mashine za kuchezea mikanda ya sumaku zitakuwa adimu mno kwa uhamishaji wa kiwango kikubwa. Mwaka huo umepita. Ghala za vituo vyetu, zenye picha za Nyerere, Samora, vita na harusi, ziko ndani ya onyo hilo. Mashine inayofanya kazi leo ihamishe mikanda leo, kwa uwiano wake wa asili wa 4:3, bila kunyoosha nyuso ziwe pana ili zijaze skrini.

Je, wajua kwamba michezo ndiyo inayolipia mitambo? Mei 2021 Azam Media na Shirikisho la Soka Tanzania walisaini mkataba wa miaka kumi wa haki za matangazo ya ligi kuu, wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Agosti 2025 Kenya, Tanzania na Uganda ziliandaa CHAN, na nchi hizohizo zitaandaa AFCON ya 2027. Kombe la Dunia la 2018 lilikwisha kutengenezwa lote kwa 4K, yenye nukta mara nne ya HD. 4K ya fremu 50 hutaka gigabiti 11.88 kwenye kebo moja. Safu hii haishauri kituo cha mkoa kikimbilie huko. 1080p50 iliyo safi kuanzia lenzi mpaka kinasa inashinda 4K ya simu iliyobanwa, na ikipandishwa daraja inapendeza.

Hivyo kwa meneja anayetaka kusaini hati ya manunuzi mwaka huu: mwambie muuzaji aunganishe kamera, kebo ya urefu mtakaoutumia kweli, swicha, kinasa na monita, arekodi dakika kumi za 1080p50 zenye sauti, kisha aicheze mbele ya fundi wenu. Kikwazo kikitokea, kitokee dukani. Tenga sehemu ya fedha kwa lenzi, kabati kavu, betri na mafunzo kabla hujaongeza kamera ya pili.

Na kwa wewe mpiga picha utakayekwenda Afungi: rekodi kwa megabiti 50 au zaidi, tunza faili la asili katika nakala mbili, moja Pemba na nyingine mbali na hapo, na kwenye kila faili andika tarehe, jina la kijiji na majina ya watu walioridhia kupigwa picha.